Anayekuandikia Ni Nani? Kwa Nini Watu Hudanganya Utambulisho Wao Mtandaoni, na Namna ya Kuwapima

Karibu kila mwenye simu amewahi kupokea salamu kutoka kwa mtu ambaye siye anayejitaja. Mmoja ni mwanajeshi wa Marekani, mjane mwenye mtoto mmoja na upweke mwingi. Mwingine ni binti mrembo aliyekosea namba. Mwingine ni ofisa wa benki anayetaka kuhakiki taarifa zako. Wengine hawatafuti hata shilingi: kijana wa miaka 16 anajiandika ana miaka 22, na mama wa watu amejisajili kwa jina la kiume ili asisumbuliwe.

Wote hawa wamebadili utambulisho, lakini si wa kundi moja. Ukiwahesabu wote kuwa matapeli utamwogopa kila mtu, na utawanyima msaada wale wanaojificha kwa sababu ya haki. Ukiwaamini wote utaporwa. Makala haya yana jambo moja la kukuachia: sababu inayomfanya mtu adanganye ndiyo inayoamua atakuomba nini. Kwa hiyo usiishie kujiuliza kama sura iliyo kwenye picha ni yake. Tazama anataka nini kwako. Picha huibwa, sauti huigwa na hadithi hutungwa, lakini ombi lazima litajwe, kwa kuwa ndilo lililomleta.

Kwa nini uongo hupata nafasi mtandaoni

Mtaani, kudanganya kuhusu nafsi yako ni kazi ngumu. Ukijitangaza kuwa daktari, yupo jirani aliyekuona ukikua, na yupo mgonjwa wa kwanza atakayekuuliza swali usiloliweza. Mtandaoni mashahidi hao hawapo. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alichambua mambo yanayowafanya watu walegeze vizuizi vyao wakiwa mtandaoni. Matatu kati yake yanatuhusu hapa: mtu hajulikani, haonekani, na ana muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Anayebanwa kwa swali sokoni hubabaika mbele ya watu. Anayebanwa kwenye WhatsApp huweka simu chini, akatunga jibu, kisha akarudi baada ya nusu saa na kusema chaji ilimwishia.

Suler alitaja pia jambo linalomhusu msomaji kuliko mwongo. Tunaposoma maneno ya mtu tusiyemwona, sisi wenyewe humpa sauti na tabia. Mapengo ya hadithi yake tunayaziba kwa yale tunayoyatamani. Ndiyo maana mtu msomi, mwenye biashara yake na akili timamu, anaweza kushikwa na maneno ambayo rafiki yake akiyasoma mara moja tu anaona kuwa ni ya uongo. Rafiki hana tamanio la kuzibia mapengo hayo. Kumbuka hili, maana litakuwa sehemu ya kinga yako.

Wanaojificha ili wajilinde

Tuanze na wenye haki. Muuguzi anayetaka kufichua wizi wa dawa kazini kwake hawezi kuandika kwa jina lake. Mtu aliyepimwa jana na kukutwa na virusi vya UKIMWI ana maswali mengi ya kuuliza kabla hajawa tayari kuwaambia ndugu. Msichana anayefanya kazi za ndani katika nchi ya Ghuba, ambaye mwajiri wake hukagua simu, anaweza kusalimika kwa akaunti isiyo na jina wala picha yake. Wako wanawake wanaoweka picha ya ua na jina la kiume kwa sababu jina la kike peke yake linatosha kuwaletea matusi na picha za aibu. Washairi wetu wa magazetini wametumia lakabu miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewaita waongo.

Kundi hili lina alama mbili. Kwanza, hawavai sura ya mtu mwingine aliye hai. Pili, hawakuombi kitu zaidi ya kuwasikiliza au kuwajibu. Ukimwuliza ni nani, atakwambia hawezi kusema, na hilo lenyewe ni kweli. Mtu wa namna hii asifichuliwe kwa udadisi. Jina lake likitoka, anaweza kupoteza kazi au hata maisha.

Watoto nao huingia hapa, ingawa kwao hatari iko upande wa pili. Mitandao mikubwa kama Facebook, Instagram na TikTok huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujisajili. Mtoto wa miaka 10 anayetaka kuwa pamoja na wenzake huandika kuwa ana miaka 18 na mlango unafunguka. Miaka mitatu baadaye yeye ana 13, lakini kwenye kumbukumbu za mtandao ni mtu mzima wa miaka 21. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto haumgusi tena: watu wasiomfahamu wanaweza kumwandikia, na matangazo ya watu wazima yanamfikia. Mzazi akiligundua hilo asikimbilie fimbo. Akae na mtoto, warekebishe pamoja tarehe ya kuzaliwa, kisha wafunge mlango wa ujumbe kutoka kwa wageni. Mtoto aliyechapwa atafungua akaunti nyingine ambayo mzazi hataijua.

Wanaojipamba

Kundi la pili ni kubwa kuliko yote, na huenda mimi na wewe tumo. Ni yule anayepiga picha kwenye gari la rafiki, anayepunguza miaka, anayetumia picha ya miaka mitano iliyopita, au anayejiita mkurugenzi wa kampuni yenye mtu mmoja. Mwaka 2008 watafiti Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison walichapisha uchunguzi wa watu 80 wa New York waliokuwa wakitafuta wenza mtandaoni. Waliwapima urefu na uzito, wakaangalia umri kwenye vitambulisho vyao, kisha wakalinganisha na walichokuwa wamejiandikia. Takriban wanane kati ya kila kumi walikuwa wamedanganya angalau jambo moja. Uzito ndio uliodanganywa zaidi, umri ndio uliodanganywa kidogo zaidi, na kwa kawaida tofauti ilikuwa ndogo: kilo chache hapa, sentimita chache pale.

Uongo wao ulikuwa mdogo kwa sababu walitarajia kuonana na yule waliyekuwa wakimvutia, na siku hiyo mkanda wa kupimia ungekuwa machoni pake. Hapo pana kipimo cha bure. Mtu anayejiandaa kuonana nawe hudanganya kwa kiasi ambacho macho yako yatakisamehe. Anayedanganya makubwa, tangu jina hadi nchi, hana mpango wa kuonana nawe. Kwa hiyo sikiliza anavyopokea wazo la kukutana kabla hujaanza kuchunguza sura yake.

Wanaotafuta kupendwa na kuhurumiwa

Kuna wanaodanganya makubwa bila kutaka fedha. Mwaka 2001 maelfu ya watu waliofuatilia maandishi ya msichana wa Marekani aliyeitwa Kaycee Nicole walipewa habari kwamba amefariki baada ya kuugua saratani ya damu. Walilia, na wengine wakataka kujua watume wapi maua. Siku chache baadaye ilibainika kuwa msichana huyo hakuwahi kuwepo. Alikuwa ametungwa na mama mmoja wa jimbo la Kansas. Mwaka mmoja kabla, daktari wa magonjwa ya akili Marc Feldman alikuwa tayari ameeleza kuhusu watu wanaojisingizia ugonjwa au msiba mtandaoni ili wapate uangalizi ambao maisha yao ya kawaida hayawapi.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Manti Te'o, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mwaka 2012 nchi nzima ilimwonea huruma: bibi yake na mpenzi wake, Lennay Kekua, walisemekana kufariki mwezi mmoja wa Septemba. Bibi alikuwa amefariki kweli. Mpenzi hakuwahi kuwepo. Mnamo Januari 16, 2013 gazeti la mtandaoni la Deadspin lilianika ukweli. Te'o alikuwa ameongea na huyo "Lennay" kwa simu saa nyingi mno, lakini hakuwahi kumwona ana kwa ana, na kila walipojaribu kupigiana simu ya video picha haikuonekana. Picha alizotumiwa zilikuwa za mwanamke mwingine aliyesoma shule moja na mtungaji wa uongo huo. Mtungaji alifika hadi kumwomba mwanamke huyo ajipige picha akiwa ameshika karatasi yenye herufi fulani, kwa kisingizio cha kumfariji ndugu aliyepata ajali. Kwa ujanja huo picha "mpya" ilipatikana ya kumtuliza anayedai uthibitisho.

Miaka kumi baadaye, katika filamu ya mwaka 2022, mtungaji huyo alieleza kuwa ndani ya maisha hayo ya kubuni alipata nafasi ya kuishi kama mwanamke, jambo ambalo hakuweza kuwaambia watu wake wa karibu. Hakumwomba Te'o fedha. Alitaka kupendwa. Hata hivyo Te'o alidhihakiwa na nchi ile ile iliyomlilia, na picha za mwanamke asiye na habari zilisambazwa dunia nzima. Upweke unaeleza kwa nini uongo ulianza, lakini haufuti madhara yake kwa wengine.

Wapo pia wanaodanganya ili maneno yao yapate uzito. Mwaka 2011, wakati Syria ikiwaka moto, dunia ilisoma maandishi ya Amina, binti wa Damascus aliyepinga serikali. Mwezi Juni ikatangazwa kuwa ametekwa, na watu wakaanza kampeni ya kutaka aachiwe. Kisha mwanamke wa Kroatia aishiye London akajitokeza na kusema kuwa picha zilizodaiwa kuwa za Amina ni zake. Juni 12 Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40 aliyekuwa akisoma Edinburgh, alikiri kuwa yeye ndiye Amina. Alijitetea kwamba alipoandika kwa jina lake hoja zake zilipuuzwa. Waliolipa gharama ni Wasyria halisi waliotekwa baada ya hapo, maana kila kilio chao sasa kilitiliwa shaka.

Kundi hili halikuombi fedha, au huziomba kidogo. Huomba muda wako, usingizi wako na machozi yako. Dalili yake ni misiba inayoandamana: ajali wiki hii, ugonjwa wiki ijayo, na daima jambo kubwa hutokea siku ile mliyopanga kuonana.

Wanaotafuta fedha

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC), mwaka 2022 karibu watu 70,000 nchini humo waliripoti kutapeliwa kwa njia ya mapenzi ya mtandaoni, na walipoteza jumla ya dola bilioni 1.3. Uongo uliotumika zaidi, katika visa 24 kati ya kila 100, ulikuwa kwamba mpenzi huyo au mtu wake wa karibu ni mgonjwa, ameumia au yuko jela. Vilivyofuata kwa karibu vilikuwa kumfundisha mtu kuwekeza, kuwa mwanajeshi wa mbali, na kuhitaji msaada kuhusu mzigo muhimu.

Mzigo huo tunaujua vizuri huku kwetu. "Mzungu" uliyefahamiana naye Facebook anatuma zawadi: saa, simu, viatu, na bahasha ya dola. Siku ya pili anapiga "wakala wa forodha" mwenye lafudhi ya hapa hapa, anasema mzigo umekwama uwanja wa ndege na ushuru unadaiwa. Ukilipa, atarudi: mashine imeonyesha dola ndani, sasa kuna faini. Kila malipo huzaa jingine. Tanzania ushuru wa serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile wengi wanayoiita "control number", wala haupokewi kwenye simu ya mtu binafsi. Ukitajiwa namba ya mtu, mazungumzo yameisha.

Utapeli wa aina ya pili hauhitaji mzungu. Hutumia undugu. Tazama unavyoanza:

"Shikamoo mama mkubwa."
"Marahaba. Nani mwenzangu?"
"Jamani mama, umenisahau mwanao? Mimi wa Mwanza."
"Ni wewe Baraka?"
"Eeh mama, ni mimi Baraka. Ile namba yangu imeharibika, uwe unanipata kwa hii."

Soma tena mazungumzo hayo polepole. Anayeandika hakujua jina hata moja. Mji alibahatisha, na jina la Baraka alipewa na mama mwenyewe. Tangu hapo mama hana shaka, kwa kuwa anadhani ndiye aliyemtambua. Siku mbili zinapita kwa salamu za asubuhi na jioni, kisha:

"Mama mkubwa samahani kwa usumbufu. Niko hospitali, mtoto kazidiwa. Wanataka elfu themanini ndipo wamhudumie. Itume kwenye namba hii ya nesi, jina litakuja tofauti usijali. Usimwambie baba kwanza, presha itampanda."

Ndani ya ujumbe mmoja mna alama zote nne za tapeli: fedha, haraka, jina lisilolingana, na siri. Ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, maana ndugu mwingine akiambiwa atampigia Baraka kwa namba yake ya zamani, na atampata yuko kazini kwake, mzima wa afya.

Ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii" hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kubahatisha. Unatumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Wengi wanaufuta, lakini mmoja wao siku hiyo anadaiwa kodi ya nyumba, na anaamini ni mwenye nyumba aliyeandika.

Aliye nyuma ya uongo huenda naye ni mateka

Mnamo Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Cambodia walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Huvutwa kwa matangazo ya kazi nzuri, hunyang'anywa pasipoti, na asiyefikisha kiwango cha fedha alichopangiwa hupigwa.

Habari hii inatugusa sisi. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana kuhusu kazi za huduma kwa wateja zinazotangazwa Thailand, ambazo huishia kwa mtu kuvushwa mpaka na kuingizwa kwenye kambi za Myanmar. Mwanzoni mwa 2025, maelfu ya watu walipotolewa kwenye kambi za eneo la Myawaddy, miongoni mwao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Kwa hiyo "binti aliyekosea namba" anaweza kuwa kijana wa Kiafrika mwenye shahada, aliyepewa picha za mwanamitindo na maneno ya kunakili, na anayeogopa kipigo cha jioni.

Kumhurumia ni haki, ila usimtumie fedha, maana zinakwenda kwa anayempiga. Na mwanao akipata mtandaoni kazi ya nje ya nchi, hakikisha wakala amesajiliwa na serikali, aina ya viza inalingana na kazi, na mkataba una jina na anwani ya kampuni inayoweza kupigiwa simu. Kazi inayokutaka usafiri kwa viza ya utalii ni ya kukataliwa.

Namna ya kumpima usiyemjua

Jiulize maswali matatu: ananiomba nini, anakwepa nini, na ananiharakishia nini? Mtu asiyeomba kitu, asiyekwepa kupigiwa simu na asiyekuharakisha, hata kama jina lake si la kweli, huenda hana madhara kwako. Anayefanya yote matatu ni wa kuacha, hata kama picha yake ni ya kweli. Kisha fuata hatua hizi.

1. Piga namba ya zamani. Ndugu akisema amebadili namba, mpigie kwa ile uliyokuwa nayo, au mpigie mtu anayeishi naye. Usitaje jina kwanza. Mwache ajitaje mwenyewe, jina lake na la mama yake.

2. Itafute picha yake. Google Lens na TinEye zitakuonyesha mahali pengine ambapo picha hiyo imewahi kuwekwa. Ikiwa ya "mhandisi wa mafuta" inatoka kwenye ukurasa wa mwigizaji wa Brazili, umepata jibu. Lakini picha isiyoonekana kwingine si ushahidi wa ukweli. Tangu mwaka 2019 programu za kompyuta zimeweza kutengeneza sura za watu ambao hawapo kabisa duniani.

3. Usiridhike na picha ya uthibitisho wala simu ya video fupi. Kisa cha Te'o kinaonyesha jinsi picha ya kushika karatasi inavyoweza kupatikana kwa hila. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambamo bosi wake na wenzake wote walikuwa sura na sauti za kughushi. Panapohusika fedha, thibitisha kwa njia nyingine uliyoichagua wewe: namba uliyokuwa nayo, au mtu aliye karibu naye.

4. Angalia jina linalotokea kabla ya kutuma fedha. Lisipolingana na la unayemkusudia, simamisha. Maelezo ya "litakuja jina la nesi" au "la mke wangu" si sababu ya kuendelea.

5. Usitoe namba ya siri wala tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Hakuna ofisa wa kweli wa benki au mtandao wa simu anayezihitaji. Akizitaka, huyo si ofisa.

6. Kagua namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Tanzania, piga *106# uone laini zilizounganishwa na kitambulisho chako cha taifa. Wateja wa Safaricom nchini Kenya nao hutumia *106#. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwao ikafutwe, maana inaweza kutumika kutapeli watu kwa jina lako.

7. Mwonyeshe mtu mwingine mazungumzo hayo. Huyu ndiye yule rafiki asiye na tamanio la kuzibia mapengo. Ukijikuta unaona aibu kumwonyesha, au umeambiwa usimwonyeshe, tayari una sababu ya kumwonyesha leo.

Ukishadanganywa

Kama fedha imeshatoka, dakika ni muhimu. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu au benki papo hapo uombe muamala uzuiwe. Kwa M-Pesa ya Kenya, peleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Inawezekana kurejeshewa ikiwa aliyepokea hajazitoa. Kisha ripoti namba yenyewe: Tanzania itume kwenda 15040, na kwa wateja wa Safaricom itume kwenda 333.

Usifute mazungumzo kwa hasira wala kwa aibu. Yapige picha ya skrini yakionyesha namba, tarehe na jina la akaunti, weka na ujumbe wa muamala, kisha nenda kituo cha polisi. Tanzania ondoka na RB, Kenya ondoka na namba ya OB. Sheria ziko upande wako. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Kifungu cha 29 cha sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 kinamwadhibu anayetumia kwa hila utambulisho wa mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kama tapeli ana picha zako za faragha na anatishia kuzisambaza, usimlipe. Malipo ya kwanza humwonyesha kuwa una fedha. Acha kumjibu, hifadhi vitisho vyake, ripoti akaunti yake kwa mtandao husika, na umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Kama ni mtoto wako aliyefikwa na hili, neno la kwanza atakalolisikia kwako liwe kwamba yuko salama. Lawama zinaweza kumfanya ajidhuru.

Jihadhari pia na mtu atakayekutafuta baada ya wiki chache akidai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada kidogo. Orodha za waliotapeliwa huuzwa, na huyo mara nyingi ni tapeli yule yule au mwenzake.

Kama wewe ndiye unayedanganya

Huenda unayesoma hapa una akaunti yenye sura isiyo yako, na upande wa pili yupo mtu aliyekuamini. Ulianza kwa mchezo au kwa upweke, na sasa hujui pa kutokea. Kila siku unayoongeza inamwongezea mwenzako maumivu. Mwandikie ukweli kwa ufupi, bila kujitetea: kwamba picha si yako, kwamba yeye hakukosea kitu, na kwamba hutamsumbua tena. Futa picha za yule uliyemwibia sura. Kama umechukua fedha, zirudishe. Kisha tafuta mtu mmoja wa kweli wa kumwambia kile ulichokuwa ukikitafuta pale, awe ndugu, kiongozi wa dini au mshauri nasaha.

Na kila familia ikubaliane mambo matatu wiki hii. Liwepo neno moja la siri ambalo anayeomba fedha kwa namba ngeni ataulizwa. Asitume mtu fedha kabla ya kupiga namba ya zamani. Na atakayekuja kusema "nimetapeliwa" asichekwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wengi wanaolipa mara ya tano hulipa kwa sababu waliogopa kusema walipolipa mara ya kwanza.